Tuliivunja Keya, Tusiivunje na Kumbukumbu Yake

Serikali inaweza kuvunja kikosi cha jeshi kwa amri ya siku moja. Historia ya kikosi hicho haina mahali pa kwenda. Hubaki katika nchi ileile, katika majina ya kambi na mitaa, katika lugha, na katika tabia za watu wanaoamuru na wanaoamriwa. Kila tarehe 1 Septemba tunaadhimisha kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1964, nasi twafanya vema. Lakini tunaadhimisha kana kwamba kabla ya siku ile nchi hii haikuwa na jeshi. Lilikuwapo. Liliitwa Tanganyika Rifles, na kabla ya hapo lilikuwa Kikosi cha Sita cha King's African Rifles, askari wa miguu ambao wazee wetu waliwaita kwa neno moja tu: Keya.

Ndugu msomaji, niseme mapema ninachokitetea ili tusigombane kwa bahati mbaya. Kuvunjwa kwa Tanganyika Rifles mwaka 1964 kulikuwa uamuzi sahihi, na nitaonyesha kwa nini. Kuisahau ni jambo jingine kabisa. Usahaulifu huo una watu unaowanufaisha na una watu unaowadhulumu, na sehemu kubwa ya waliodhulumiwa imelala katika ardhi hii ya nyanda za kati tunayoikanyaga tukienda ofisini.

Tuanze na asili yake. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kikosi cha Sita cha kwanza kilikuwa cha Somalia ya Waingereza, kikavunjwa mwaka 1910. Namba hiyo ilifufuliwa mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, safari hii katika ardhi iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani, na miongoni mwa walioandikishwa walikuwamo askari waliokuwa wamelitumikia jeshi la Ujerumani. Mtu aliyevaa sare ya Kaiser mwaka 1914 aliweza kuvaa sare ya Mfalme George mwaka 1917 bila ya kuvuka mpaka wowote. Kilichobadilika ni beji. Bunduki ilikuwa ileile, kwata ileile, na adui aliyeelekezewa alichaguliwa na mtu mwingine. Huo ndio msingi wa mila za kikosi hiki: utii usio na nchi. Askari alidaiwa uaminifu kwa bendera ambayo haikumtambua kama raia.

Na mwaka huo 1917 haukuwa mwaka mtupu huku Ugogo. Kondoa Irangi ilitekwa na majeshi ya Waingereza mwezi Aprili 1916, na Dodoma ikatekwa mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Walipofika Waingereza walichukua ng'ombe waliosalia, nafaka iliyosalia na wanaume waliosalia. Mvua zilipokosekana, watu hawakuwa na ghala, mifugo wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, ilidumu takriban kutoka mwaka 1917 hadi 1920. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu wapatao 30,000 walikufa, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano wa wilaya ya Dodoma ya wakati ule. Ukame ulikuwapo, lakini ukame peke yake ni jambo ambalo Wagogo wamelizoea na wana mbinu zake za tangu enzi: kutawanya mifugo kwa jamaa wa mbali, kuweka akiba, kuhama. Vita ndiyo iliyowanyang'anya mbinu hizo.

Kwa hiyo anayetaka kueleza mila na fahari za kikosi kile aanze hapa. Kabla ya gwaride, tarumbeta na tarbushi, kulikuwa na wapagazi. Katika upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wapatao 95,000 walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotupatia neno Kariakoo. Tunanunua nyanya na vitenge ndani ya kumbukumbu ya maiti, nasi hatujui.

Mila za Keya zilikuwa na sura mbili, na mwadilifu hana budi kuzieleza zote. Sura ya kwanza ni ushupavu. Askari wa Tanganyika walipigana Ethiopia mwaka 1941 dhidi ya Waitaliano, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944, ambako divisheni ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika majira ya masika na matope hadi ikauteka mji wa Kalewa mwezi Desemba. Hawa walikuwa baba na babu zetu. Kuwakejeli kuwa vibaraka ni uvivu wa akili. Wengine walijiandikisha kwa sababu ya kodi, wengine kwa sababu ya njaa, wengine walishurutishwa, na wengine walipenda kazi hiyo na waliifanya kwa ustadi mkubwa.

Sura ya pili ni dharau iliyopewa jina la nidhamu. Maofisa walikuwa wazungu. Uandikishaji ulifuata nadharia kwamba kuna makabila ya vita na makabila ya jembe, na Mwingereza ndiye aliyetunza orodha. Kiboko kilikuwa adhabu halali kwa askari Mwafrika hata katika Vita Kuu ya Pili, wakati askari mwenzake wa Uingereza alikwisha kuondolewa adhabu hiyo tangu karne ya kumi na tisa. Kisha itazame kambi ya Dar es Salaam. Ilipewa jina la Colito, mahali huko Ethiopia ambako, tarehe 19 Mei 1941, Sajini Nigel Leakey wa Kikosi cha Sita alivivamia vifaru vya Waitaliano akapoteza maisha yake. Alitunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Ushujaa wake sina haja ya kuupunguza. Ninachouliza ni majina ya askari Waafrika waliovamia naye siku ile. Nauliza pia kwa nini katika vita vyote vile hakuna askari Mwafrika hata mmoja wa Keya aliyeonekana kustahili nishani hiyo. Jina la kambi lilikuwa somo la kila asubuhi: ninyi mnakufa, sisi tunakumbukwa.

Ikaja tarehe 9 Desemba 1961. Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi hilo aliupandisha Mwenge na bendera hadi kilele cha Kilimanjaro, na picha ile ni miongoni mwa picha bora za taifa letu. Kikosi kikabadilishwa jina kikawa Tanganyika Rifles, batalioni ya kwanza ikiwa Colito na ya pili ikiwa Tabora, katika nyanda hizihizi za kati. Bendera ikawa yetu. Lakini kamanda alibaki Brigedia Patrick Sholto Douglas, maofisa wengi walibaki Waingereza, na askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Waziri alikuwa Mwafrika, mkuu wa wilaya alikuwa Mwafrika, na mwalimu mkuu alikuwa njiani kuwa Mwafrika. Askari peke yake aliamka asubuhi ya uhuru akapiga saluti kwa mtu yuleyule wa jana.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliasi. Waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kushika maeneo muhimu. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara upande hadi shilingi 260, na maofisa wa kigeni waondolewe. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao. Tabora ikafuata siku iliyofuata. Mjini kulikuwa na uporaji wa maduka na watu waliuawa, na hilo halina utetezi. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Mwalimu Nyerere, makomando wa Uingereza walishuka kutoka manowari Centaur na kuyazima maasi kwa muda mfupi. Siku hizohizo vikosi ndugu vya Uganda, huko Jinja, na vya Kenya, huko Lanet, navyo viliasi. Mikoba mitatu iliyoshonwa na fundi mmoja ilipasukia katika mshono uleule.

Hapa ndipo nimefikia kiini cha ugomvi wangu. Kila ninapofundisha kipindi hiki huwauliza wanafunzi walifundishwa nini shuleni kuhusu Januari 1964. Jibu ni moja kwa miaka yote: wanajeshi wachache wasaliti walitaka kupindua serikali, wakashindwa, Mwalimu akaunda jeshi jipya. Sentensi moja, kisha somo linahamia Azimio la Arusha. Askari wale hawakutangaza serikali yao. Walidai mshahara na vyeo, kwa njia ya bunduki, ambayo ni njia haramu katika nchi yoyote inayotaka kuishi. Dai linaweza kuwa la haki na njia yake ikawa ya jinai. Mtu mzima hushika mambo hayo mawili kwa pamoja. Mtoto hupewa moja tu, na sisi tumewafanya raia wetu kuwa watoto.

Kuna jambo jingine ambalo sentensi ile moja imelifunika. Viongozi wa maasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakajitetea, na adhabu ya juu kabisa ikawa kifungo cha miaka 15. Mwalimu aliona adhabu zile ni nyepesi, akasema hivyo hadharani, lakini hakuzigeuza kwa kuwa sheria ilikuwa imekwisha kusema. Hiyo ni heshima kubwa, nami sioni haya kuisifu. Lakini katika wiki zilezile viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa wingi na kuwekwa kizuizini kwa sheria ya mwaka 1962, bila ya kufikishwa mahakamani. Mwezi Februari shirikisho lao, TFL, lilivunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Aliyeshika bunduki alipata hakimu. Aliyeshika katiba ya chama cha wafanyakazi hakupata. Mtumishi wa umma anayejiuliza kwa nini chama chake cha wafanyakazi kina sauti ya mtu anayeongea na mkwewe, asome Januari na Februari 1964.

Sasa nilipe deni langu: kwa nini nasema kuvunja kikosi kulikuwa sahihi? Itazameni Uganda. Serikali ya huko ilikubali kupandisha mishahara na kuharakisha vyeo vya Waafrika, na mwili wa kikosi cha Keya cha Uganda ukabaki ulivyokuwa, pamoja na uandikishaji wake wa kikabila. Mmoja wa waliopandishwa haraka alikuwa mtu aliyejiunga na Keya mwaka 1946, Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu makomando waliposhuka Colito, alitwaa nchi. Mwaka 1978 jeshi lake liliingia Kagera. Basi vita ile ilipambanisha majeshi mawili yenye babu mmoja: moja lilivunjwa na kuundwa upya kutoka kwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, jingine lilirithiwa kama lilivyo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Sidai kwamba sababu ilikuwa hiyo moja tu, kwani mambo ya Uganda yana mizizi mingi. Nadai kwamba waliouvunja mwili ule hapa kwetu walikuwa wameelewa kitu.

Tena hawakuwa wasahaulifu. Waliitazama kambi ya Colito wakaiita Lugalo. Pale Lugalo, katika nchi ya Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yaliangamiza msafara wa Emil von Zelewski. Kizazi kile hakikufuta jina kikaacha ukuta mtupu. Kilijibu vita kwa vita, kumbukumbu kwa kumbukumbu. Mwaka 1964 huohuo, hapa Kongwa, mashamba ya karanga ya mkoloni yaliyokufa yakiwa bado hayajaota magugu yote, wapigania uhuru wa FRELIMO walianza kupewa mahali pa kujifunzia vita, na baadaye wakaja wenzao wa Namibia, Afrika Kusini, Zimbabwe na Angola. Nchi iliyokuwa imeomba makomando wa mkoloni mwezi Januari ilikuwa inalea wapinzani wa ukoloni kabla ya mwaka kwisha. Hakuna riwaya itakayoshinda kisa hicho. Lakini kisa hicho hakina maana kwa mtu ambaye hajui aibu ya Januari.

Nani basi ananufaika na usahaulifu? Wa kwanza ni mkubwa asiyependa kuulizwa. Somo la Tanganyika Rifles kwa utumishi wa umma ni rahisi na linaumiza: malalamiko ya mishahara na vyeo yasiposikilizwa mezani hayafi, yanabadilisha mahali pa kusemewa. Yapo mambo ya Keya ambayo yamehamia maofisini bila ya sare. Neno afande lilitufikia kutoka kwa Waturuki kupitia askari wa Kisudani, nalo ni neno zuri mahali pake. Lakini lipo kundi la watumishi wa kiraia ambao kwao "maelekezo kutoka juu" ni hoja inayojitosheleza, na swali kutoka chini ni utovu wa nidhamu. Huo si utumishi wa jamhuri. Huo ni utii usio na nchi uleule, umevaa tai.

Wa pili ni yule anayeiandika historia hiyo kwa niaba yetu. Mila za Keya zimehifadhiwa Uingereza kwa uangalifu: nishani, bendera, picha, kumbukumbu za maofisa wastaafu. Humo askari ni mcheshi, mtiifu na hana jina la pili. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wao wamekiri baada ya miaka mia moja. Sisi, ambao ndio wenye maiti, tumekiri nini?

Nazijua hoja za upande wa pili. Ya kwanza husema: kufukua mambo haya ni kuhatarisha usalama. Nasi twajibu kwamba jeshi lenyewe lilithubutu. Mwaka 1993 JWTZ lilitoa kitabu kizima kuhusu maasi ya Tanganyika Rifles, kikachapwa na mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jeshi limekuwa jasiri kuliko wizara na mitaala. Kasoro ya kitabu hicho ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya maofisa wa Colito, badala ya lugha ambayo askari wale walidaia mishahara yao. Hoja ya pili husema: hawa walikuwa askari wa mkoloni, tuwakumbuke ili iweje? Walikuwa hivyo. Na karani wa boma alikuwa wa mkoloni, na mwalimu wa shule ya misheni, na kuli wa reli ya kati. Tukianza kufuta kila aliyekula mshahara wa mkoloni, tutabaki na taifa lisilo na babu.

Ninayoyadai ni machache, na hayahitaji bajeti ya kutisha. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inatambua kipindi cha miaka 30 kabla ya nyaraka za umma kufunguliwa kwa wananchi. Nyaraka za mwaka 1964 zilitimiza umri huo mwaka 1994. Ziorodheshwe, zitangazwe, na zile za mikoa ya kati zipatikane hapa makao makuu. Pili, vyuo vyetu viwapeleke wanafunzi wa historia vijijini Kondoa, Manyoni, Mpwapwa, Kongwa na Tabora wakarekodi simulizi. Askari aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1964 leo amepita 80, na waliobaki hawatungoji tumalize semina. Tatu, Mtunya na maasi ya 1964 vifundishwe kwa kurasa, si kwa sentensi. Nne, Dodoma ijenge alama ya wapagazi na ya waliokufa kwa njaa ya vita. Pale Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya askari aliyeelekeza bunduki yake mbele, nayo ilijengwa na mkoloni. Mji mkuu wa jamhuri huru hauna sababu ya kushindwa na gavana.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mshale penye mnara. Silaha zile ni za Lugalo, na zinastahili heshima. Ila hakuna anayeweka kata ya mpagazi. Kipande kile cha nguo kuukuu alichokizungusha kichwani ili sanduku la risasi lisimchubue ndicho kilichobeba vita nzima kupitia Ugogo. Tuanze na hicho, kisha tuje kwa askari, kisha tuje kwa Januari 1964. Tarehe 1 Septemba itakuwa na maana zaidi kwa mtu aliyejua ni nini kilichokufa ili yeye azaliwe.